Mpanda Joka na Kitani cha Bintiye

Nilipanda joka miaka thelathini na minane, na naogopa kwenda juu. Hata ngazi ya darini kwangu nampandisha mke wangu Rafila, mimi nabaki chini nimeshika ngazi natoa maagizo. Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye Chama cha wapanda majoka, ambacho padri wetu hukitaja kwa kunong'ona na kina mama hukitumia kutishia watoto wasiotaka kulala? Mkunga ndiye aliyeniponza.

Huku kwetu milimani, mtoto akizaliwa kichwa kimefunikwa na utando, Chama huja kumchukua akishaanza kuota ndevu. Mkunga wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia kila mzazi kwamba wa kwake kazaliwa na utando, kwa sababu mzazi aliyefurahi humfungashia mkunga jibini kubwa. Mama za wenzangu walisikia wakanyamaza. Mama yangu mimi alijisifia kisimani, akajisifia kanisani, akajisifia mpaka kijiji cha tatu. Siku moja akaja mzee mwenye koti la viraka, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Ni huyu?" kwa sauti ya mtu aliyeuziwa farasi kilema. Nikaenda naye.

Nilikaa chini ya mlima miaka saba nikisoma kitabu ambacho nusu yake hadi leo sijaielewa. Tulikuwa kumi. Tisa walifaulu. Mimi nilipitishwa kwa sababu kulikuwa na joka moja limebaki bila mtu, jike zee, zito, linanuka tope, na wenzangu wote walikuwa wamelikataa. Majoka yao ukigusa hatamu kidogo tu yameshageuka. La kwangu ukivuta hatamu linatulia kwanza, linafikiria. Nililipa jina, Joiana, ambalo huku tunawapa ng'ombe. Kulipa joka jina ni marufuku, lakini kiumbe kikishakubwaga matopeni mara kumi na moja mnakuwa mmezoeana, huwezi kuendelea kukiita "wewe".

Niseme na kazi yenyewe, maana tunasingiziwa mengi. Majoka hulala ziwani kipindi chote cha baridi, yanakunywa maji na kumeza barafu. Kiangazi kikifika matumbo yamejaa, lazima yatapike, na hiyo ndiyo mvua ya mawe. Mpandaji kazi yake ni kulipeleka joka likatapike kwenye majabali asikolima mtu. Lakini wingu halina uzio, kila mwaka kuna kijiji kinachopitiwa. Kwa hiyo kabla ya kuruka, mpandaji huvaa matambara akapita nyumba hadi nyumba kuomba yai. Yai moja, kutoka mkononi mwa mwanamke mwenye nyumba, kwa ridhaa yake. Nyumba iliyotoa, wingu hugawanyika juu ya mashamba yake likapita kando. Mkate hapokei, pesa hapokei, nyama hapokei hata kama njaa inamtoa roho. Anaomba mara tatu, ya nne hakuna. Kijijini kwake haombi, na sababu haelezi. Akimwambia mtu yeyote yeye ni nani, hata mke wake wa ndoa, anarudisha hatamu siku hiyohiyo na joka halimjui tena.

Basi mke wangu nilimwambia nauza ndoo. Wanaume wengi wa kwetu Runcul huchonga ndoo na mapipa, wakapakia kwenye gari la farasi na kwenda kuuza nyanda za chini, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba nilikuwa narudi bila ndoo na bila pesa, nimechubuka magoti, nanuka ziwa. Rafila alikwisha kubali kwamba kaolewa na muuza ndoo mbovu kuliko wote milimani. Alikuwa akiniombea kanisani, kwa jina, mbele ya watu.

Mtoto tunaye mmoja, Todosia. Sura kachukua kwa mama yake na masikio kachukua kwangu, na mengine yote sijui kayatoa wapi, maana ni mchapakazi. Akiwa na miaka ishirini na moja alichumbiwa na Gligor seremala, kijana mpole ambaye akija kwetu anakaa nusu saa nzima anatazama kofia yake. Mama yake Gligor, Saveta, yeye si mpole. Na msichana wa kwetu haolewi mikono mitupu. Anapanda kitani mwenyewe, anakivuna, anakisokota na kukifuma: mashuka, shati la bwana harusi, shati la baba mkwe, vitambaa vya kuzungushia picha takatifu ukutani. Kitambaa cha dukani ni aibu, ni sawa na kusema mama yako hakukufundisha kitu. Todosia akapanda robo eka nyuma ya nyumba, kikatoa maua ya buluu, watu wakawa wanasimama njiani kukitazama.

Mwaka juzi, mchana kweupe, niliruka na Joiana kuelekea majabali yaliyo nyuma ya Runcul. Upepo ulikuwa mzuri, wingu zuri la kutuficha, kila kitu sawa. Nilikuwa nimefumba macho kama kawaida yangu. Kisha nikasikia harufu ya moshi wa kwetu, nikafungua jicho moja. Nikaliona paa letu. Nikamwona Rafila uani anakoroga sufuria, nikainama kidogo, kidogo tu, nione anapika nini.

Hatamu ikavutika kushoto. Joiana, ambaye miaka yote hakuwahi kunitii hata kwa bahati mbaya, siku hiyo akatii papo hapo. Akageuka na kutapika tumbo zima juu ya robo eka ya binti yangu. Mashamba ya majirani kushoto, kulia, juu na chini, hayakuguswa jani. Na kilichokuwa kinapikwa ni maharage.

Kitani kikishavunjwa na mawe basi, uzi wake unatoka vipandevipande, hausokoteki. Harusi ikasogezwa mwaka. Watu walimpa Todosia pole, na mimi nikampa pole pamoja nao, nimesimama hapo na uso wangu mkavu.

Mwaka jana nikaapa. Nikasema safari hii navuta kulia, kulia, kulia tu, shamba liko kushoto. Nikavuta kulia kwa mikono miwili tangu tulipotoka ziwani, macho nimeyafumba kwa nguvu ili nisishawishike. Sasa joka likivutwa kulia bila kuachiwa linafanya nini? Linazunguka. Mtoto wa miaka mitatu angekwambia. Tulizunguka mlima mzima tukarudi palepale, na Joiana kwa kuchoka kuzunguka akatapika. Nilipofungua macho niliona kwanza kitambaa cheupe kichwani kwa Todosia, amekaa chini katikati ya shamba, hakimbii.

Mara ya kwanza watu wanasikitika. Mara ya pili wanaanza kufikiri. Wanawake kisimani walisema Mungu hawezi kukosea shabaha mara mbili, shamba lilelile, huku kabichi za jirani zimesimama. Walisema msichana ana nuksi. Hakuna aliyemwambia usoni, ila aliposogea na ndoo zake walikuwa wananyamaza. Akaanza kwenda kuteka maji mchana wa jua kali, wakati kisimani hakuna mtu. Nyumbani akawa anaitika "ndiyo baba, hapana baba", na kicheko chake, ambacho zamani kilikuwa kinasikika mpaka kwa padri, kikaisha kabisa. Niliumia. Niliumia mpaka nikashindwa kula, na mimi si mtu wa kushindwa kula.

Saveta alikuja mwenyewe kutoa neno. Alikaa, akanywa gongo letu la matunda glasi mbili, akasema hana ubaya na mtu. "Lakini mkwe, na mimi nina mashamba. Siwezi kuingiza nyumbani kwangu kitu kinachoita mawe. Nangoja kitani kijacho, mpaka sikukuu ya Mtakatifu Dumitru mwezi wa kumi. Kitani kikifika, karibuni. Kisipofika, Gligor ana miaka ishirini na saba, siwezi kumfanya mtawa." Todosia alikuwa nyuma ya mlango. Sote tulijua yuko nyuma ya mlango.

Chama nacho kikaniita. Wazee hawakunifukuza, waliniambia nikae nyumbani kiangazi kimoja nipumzike, na jinsi walivyolitamka hilo neno nilielewa. Joiana akabaki ziwani, na wingu la Runcul akapewa Irimie na joka lake. Huyo Irimie nimesoma naye chini ya mlima. Mimi nilikuwa nanakili kwake, yeye alikuwa ananishtaki. Ni mtu wa sheria kutoka utosini mpaka unyayoni, na sidhani kama amewahi kufumba macho angani hata kupepesa.

Kwa hiyo kiangazi hiki nikawa nyumbani, nachonga ndoo ambazo safari hii ingebidi niziuze kweli. Kitani kilikuwa kirefu kuliko miaka yote, kimeanza kugeuka rangi ya njano, zimebaki siku tatu king'olewe. Nimekaa kwenye benchi uani, naona mtu langoni ana koti la viraka. Nikamjua kabla hajainua kichwa.

Sheria inasema ndugu wa Chama wakikutana mbele ya watu hawajuani. Nikainamia ndoo yangu. Irimie akasimama langoni, akavua kofia.

"Mama, Mungu akubariki. Naomba yai."

"Karibu baba, sogea kivulini," Rafila akamwambia. Mke wangu si mchoyo, na hilo nataka lieleweke. "Yai sina la kutoa, lakini ugali upo wa moto, na jibini ya kondoo nimeikata asubuhi hii. Kaa hapo na mzee."

"Asante mama. Ugali situmii."

"Hutumii ugali. Basi mkate?"

"Mkate pia situmii."

Rafila akaweka mikono kiunoni. "Baba, wewe unaomba au umekuja hotelini?"

Nikaona hapa pana jambo. "Mpe yai, Rafila," nikasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Mayai ni ya Saveta na wewe unajua ni ya Saveta." Ni kweli. Kila yai lililotagwa pale kwetu tangu Pasaka lilikuwa linapelekwa kwa Saveta Jumamosi, kumlainisha. "Nina ishirini na tisa, nangoja la thelathini. Nikipungukiwa yule mwanamke atasema hata kuku wetu wana nuksi."

"Moja tu, mke wangu."

"Na wewe tangu lini unajua ombaomba wanakula nini? Chonga ndoo."

Irimie akavuta pumzi. "Mama, naomba yai," akasema mara ya pili.

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Nilinyanyuka, nikaingia jikoni, nikachomoa yai kwenye kikapu na kulificha kwenye mkono wa shati, nikatoka, nikamwekea Irimie kiganjani mbio mbio kama mtu anayehonga askari. Yeye alilitazama lile yai kana kwamba nimempa jiwe. Hakufunga vidole. Mkono wa mwanamke, kwa ridhaa yake: nilikuwa naijua sheria kama yeye, ila nilitumaini kwamba uzee umemlainisha.

"Pintilie, rudisha yai la watu," Rafila akasema. "Na wewe baba, yai unalo mkononi hulitaki? Nina miaka hamsini na mbili, sijaona ombaomba anayechagua mkono."

Nikarudisha yai. Nyuma ya kilele, alikoliacha joka lake, mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya kijani, ile kijani ambayo mimi naijua na Irimie anaijua. Ilikuwa imebaki mara moja. Irimie akainama akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Akaomba maji. Maji yanaruhusiwa. Akayanywa kidogo kidogo kama mgonjwa. Ndiyo huruma yote aliyokuwa nayo Irimie, na kwake ilikuwa nyingi, nilimshukuru moyoni.

Basi mlango ukafunguka, Todosia akatoka na mablanketi. Alikuwa ameiona mbingu dirishani. Alikusanya mablanketi yote ya nyumba, ya kwake, ya kwetu, na lile la sufu la marehemu bibi yake, akayakumbatia mpaka kidevuni, akatupita sisi watatu bila kutuangalia na kuelekea shambani. Blanketi sita kwa robo eka. Nikamwona anatandika la kwanza juu ya kitani, taratibu, kama anamfunika mtoto, kisha anasimama kuchagua ni wapi aweke la pili.

Ndoo ikaniponyoka. "Rafila," nikasema, "mpe yai huyu mtu kwa mkono wako. Anaitwa Irimie. Anapanda joka. Wingu lile ni la kwake, na usipompa linamwagika pale alipo mtoto."

Rafila akanitazama.

"Na mimi napanda joka," nikasema. "Siuzi ndoo."

Nilitegemea acheke, au anipige na mwiko. Alimgeukia Irimie, naye Irimie, mtu wa sheria, alikuwa anatazama ardhi na masikio yamemwiva. Mtu asiyejua kudanganya hata kwa kunyamaza. Rafila akaelewa.

"Miaka ishirini na sita ya ndoa," akasema. "Hujauza ndoo?"

"Hata moja. Zipo pangoni huko juu, zimejaa."

"Mwaka juzi kwenye kitani?"

"Mimi."

"Na mwaka jana?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo mtu angepaswa kuwa na jibu kubwa. Nilikuwa nimelitafuta miaka miwili. "Nilitaka kuona unapika nini," nikasema.

Irimie akasema polepole, bila kuinua macho, "Mama, naomba yai." Ya tatu.

Rafila akaingia ndani. Alikaa huko muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ile miaka saba chini ya mlima. Akatoka na yai, kalishika kwa mikono miwili. "Pokea baba," akasema. "Kwa ridhaa yangu. Na uangalie mbele unapoendesha."

Irimie akalipokea akalitia kifuani. Kisha akaninyooshea mkono mwingine, wazi. Hakuhitaji kusema. Nikaenda zizini, nikaitoa hatamu chini ya nyasi kavu, kamba yangu ile ya magome meupe iliyochakaa kushoto kuliko kulia, nikampa.

"Joiana atapewa nani?" nikamuuliza.

"Sijalisikia hilo jina," Irimie akasema.

"Anapenda kukunwa chini ya taya."

Akavaa kofia. "Chini ya taya," akasema, akaondoka. Nilitoa machozi, ndiyo. Kwa ajili ya joka linalonuka ambalo halikunipenda.

Mawe yalikuja kabla ugali haujapoa. Tulisimama mlangoni mimi na Rafila, hatushikani mikono. Yalipiga njia, yakapiga paa la zahanati ya mifugo, yakaja yananguruma mpaka kwenye uzio wetu wa nyuma na hapo wingu likachanika katikati kama shuka kuukuu. Upande huu mawe, upande ule mawe, na Todosia katikati, kasimama kwenye jua na blanketi mkononi. Kitani hakikuinama hata bua moja.

Mawe yalipokoma Rafila akasema, "Kamwambie."

"Nani?"

"Unajua nani."

Nimewahi kuruka juu ya mlima kwenye radi nimeshika hatamu kwa meno. Ile haikuwa kitu. Kutoka mlangoni mpaka katikati ya kile kitani ni hatua sitini, na nilisimama mara tatu njiani kujifanya navaa kiatu vizuri. Nikamwambia yote. Sikuacha hata maharage.

Todosia alisikiliza huku anakunja blanketi, pembe kwa pembe. Alipomaliza kulikunja akalikunjua.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mwanangu."

"Miaka miwili, baba, nalala najiuliza nilimkosea Mungu nini. Nimekwenda kwa padri kutubu mara nne. Dhambi ziliniishia, nikaanza kutunga. Nilitubu mpaka wizi wa pea ambazo sikuziiba." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Na wewe ulikuwa unakaa pale mezani unaniangalia."

Nilikuwa nimeapa kwa Chama kutosema. Kiapo ni kiapo, lakini ukisimama mbele ya mtoto wako hata wewe mwenyewe unakiona ni kisingizio. "Nilikuangalia," nikasema. "Nilikuwa mwoga. Nisamehe."

Hakusema kanisamehe. Alisema, "Kitani hiki nitakifuma na Saveta atakipokea, lakini watu wataendelea kuninyamazia kisimani mpaka nizeeke. Akifa ng'ombe wao, ni mimi. Mtoto wao akiumwa, ni mimi. Jumapili utasimama uwanja wa kanisa useme ulivyosema hapa."

"Hawataniamini, Todosia."

"Sema tu."

Jumapili nikapanda juu ya jiwe la kupandia farasi pale nje ya kanisa. Lina kimo cha kigoda, na kwangu hata hicho ni kirefu mno. Watu walikuwa wanatoka ibadani, wamesimama makundi makundi. Nikasema: "Jamani, mawe ya mwaka juzi na ya mwaka jana kwenye kitani cha binti yangu niliyaleta mimi. Mimi ni mpanda joka."

Kimya kikatanda. Nikakiri moyoni kwamba nilikipenda kile kimya. Nikadhani wanaogopa. Miaka thelathini na minane nimejificha, leo wananitazama kama mtu.

"Pintilie," Saveta akauliza kutoka kwenye lango, "leo umeanza saa ngapi kunywa?"

Kikaanza kicheko. Nikasema sijanywa, ni kweli, ninaye joka jike, yaani nilikuwa naye. "Anaitwaje?" mtu akauliza. Nikasema Joiana, na nusu ya uwanja wakaanza kulia kama ng'ombe. Nikaeleza jinsi ninavyofumba macho. Nikaeleza habari ya kuvuta kulia. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyozidi kushikana mabega. Wakaniuliza kwa nini basi nililipiga shamba langu, nikasema nilitaka kuona mke wangu anapika nini, na Saveta ikabidi ashike uzio. "Masikini mtoto wa watu," akasema huku anafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Na baba wa namna hii, nuksi nyingine ya nini? Gligor, muoe huyu upesi umtoe pale kwao." Gligor akaacha kutazama kofia yake, akasema, "Ndiyo, mama."

Nilikasirika. Msinielewe vibaya, mimi si mtakatifu. Nilitaka kulia, nilitaka Joiana atokee juu ya mnara wa kanisa awatapikie wote, waone. Nikaanza kushuka kwenye jiwe, mguu mmoja ulikwisha gusa chini.

Hapo nikamwona Todosia. Alikuwa katikati ya wale wanawake wa kisimani, mmoja kamshika mkono, mwingine kamwegemea begani, hakuna anayemkwepa. Alijizuia, akauma mdomo, akashindwa. Akacheka. Alinicheka mimi, kwa sauti, kichwa nyuma, mpaka padri akatoka nje kuangalia kuna nini.

Nikarudisha mguu juu ya jiwe. Nikawasimulia nilivyoanguka kwenye zizi la nguruwe la padri, nguruwe jike akaning'ang'ania akidhani ni mwanawe, nikakaa naye mpaka asubuhi. Hilo halikutokea kamwe. Nikawasimulia na jingine.